Mbuzi Waliopitiliza Sagana

Ndambiri wa Embu alipata kazi ya reli, jambo la kuchekesha kidogo, maana reli yenyewe haikuwahi kufika Embu. Inapita Sagana, inaipa Embu mgongo, inakwenda zake Nanyuki. Miaka ile ya sabini alikuwa kwenye genge la kukaza misumari na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, tena amempenda Wanja wa Siakago mpaka anarudia kukaza misumari aliyoikaza jana.

Kikwazo kilikuwa mamake Wanja, Wambeti. "Mtu wa reli hana kwao," alisema. "Alete mbuzi wote wa mahari siku moja, wazima. Akishindwa, asirudi."

Ndambiri akanunua mbuzi Naro Moru, wanono, akawapakia behewa la mwisho. Yeye akapanda mbele. Wakwe wakaja Sagana kuwapokea. Ukweli ni kwamba walitaka kuona treni. Ilipofika, Ndambiri akaruka chini na tai yake shingoni, akaanza kuwasalimia wazee mmoja mmoja kwa adabu zote. Adabu zikachukua muda. Firimbi ikalia, mbuzi wakaendelea na safari ya Nairobi.

"Mbuzi wako wapi?" Wambeti akauliza.

Ndambiri akanyoosha kidole kwenye mkia wa treni. Aliona kama Wanja mwenyewe ndiye anayekwenda.

Stesheni masta akapiga simu, behewa likaachwa stesheni ndogo ya mbele. Lakini nani wa kuwafuata? Ilikuwapo toroli ya genge, ile yenye mpini katikati: mmoja anasukuma huku, mwingine kule, wakitazamana. Wazee waliiangalia, wakakumbuka magoti yao.

"Nitaenda mimi," Wambeti akasema. "Nione kama hao mbuzi wapo."

Watu wakashika midomo. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Sasa hawa wawili, uso kwa uso, wakiinuka na kuinama kwa zamu! Ndambiri alitazama mawingu, Wambeti akatazama viatu vyake. Kwenye mteremko kitambaa cha kichwa kikapeperuka. Mama akapiga kelele, kisha akacheka mpaka mpini ukamponyoka.

"Sukuma, kijana! Ama msichana wangu humtaki tena?"

Mbuzi walikuwapo, wote, wakitafuna kamba ya mlango. Harusi ikafanyika.

Baadaye reli ililala miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma. Ndambiri alistaafu, akajenga nyumba mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na Wambeti alipozeeka akahamia kwa mkwewe, jambo ambalo majirani hawakulielewa kamwe. Kumbukumbu zikaanza kumtoka. Ikafika siku hakumjua hata Wanja, akamwita "mgeni", na Wanja akaenda kulilia jikoni.

Iliposikika kwamba treni ya mizigo imerudi, Ndambiri na Wanja wakampeleka Sagana. Mkwe na mama mkwe wakakaa benchi moja, bega kwa bega. Wanja akasimama nyuma yao. Honi ikalia, mabehewa yakapita, na mikono ya yule bibi ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kisha akamshika Ndambiri mkono.

"Mbuzi wameshuka?"

"Wameshuka, Mama. Wote."

"Basi mchukue Wanja wangu," akasema.