Mguu wa Manase

Lesieli alipoanza kusoma afya na ustawi chuoni Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vya Tonga, mama mtu mzima na miwani puani, kijiji kizima kilijipatia daktari wa bure. Huyu anamtolea ulimi, yule anamvuta pembeni kwa habari za choo. Akisema yeye si daktari, wanamwambia aache kuringa. Naye, tusidanganyane, alikuwa anaringa kidogo.

Asiyemwendea alikuwa mmoja tu, kaka yake Manase, na huyo ndiye aliyekuwa na kisukari. Kule Tonga kaka na dada hawaambiani mambo ya mwili. Hawakai hata chumba kimoja kutazama televisheni, sembuse kuulizana habari za vidole vya miguu. Nyumba zao zilikuwa kwenye uwanja mmoja, lakini hata salamu zilipitia kwa Pelenaise, mke wa Manase.

Jumapili moja baada ya ibada, Lesieli alimpelekea kaka yake sahani ya lu, yale majani ya magimbi yenye nyama na tui yanayookwa ardhini. Mlango ulikuwa wazi. Manase amelala chali mkekani, nyayo zinatazama mlangoni. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda cheusi, nzi wamejaa, na mwenyewe anakoroma. Nzi wanamtembelea kwenye nyama mbichi na hahisi. Wiki ileile Lesieli alikuwa amefundishwa maana ya kutohisi: kisukari kikiua neva, mguu huoza mwenyewe hajui. Alielewa papo hapo.

Akageuza uso kama dada aliyelelewa vizuri. Sahani akaiacha kizingitini.

Angeweza kumwambia Pelenaise. Lakini angemwambiaje bila kukiri kwamba alisimama mlangoni akikodolea macho miguu ya kaka yake? Jumatatu aliona haya. Jumanne alikuwa na insha ya kuandika, na insha yenyewe ilihusu namna wahudumu wa afya wanavyopaswa kuheshimu mwiko wa kaka na dada. Aliiandika vizuri mno. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa, na Lesieli akazipiga picha alama zake, akawatumia ndugu wote.

Mguu wa Manase ulikatwa chini ya goti.

Hospitalini Pelenaise alikaa kwenye benchi, amelipakata shati la mumewe. "Wifi, wewe ndiye msomi wetu," alisema bila kumtazama. "Mimi alinificha, soksi mchana, soksi usiku. Na wewe hukuona chochote?"

"Sikuona."

Neno hilo ndilo lililomtafuna. Darasani wakifika kwenye vidonda, anatoka nje. Majirani wakimtania, "Msomi, mbona umekonda, huko chuoni hawali?" anacheka kwa meno tu.

Manase aliporudi nyumbani, hakutaka mtu auguse mguu uliobaki. Siku moja Pelenaise alimfuata Lesieli kwenye tangi la maji.

"Amevaa soksi tena. Nikisogea ananirushia mto. Sema naye wewe. Dada akisema, kaka atakataaje?"

Na ni kweli. Kwao dada yuko juu ya kaka hata akizaliwa nyuma yake, na neno lake halirudishwi. Siku zote Lesieli alikuwa nalo hilo neno, akalikalia. Aliweka ndoo chini ya bomba, akalifungua.

"Wifi, kile kidonda nilikiona. Ile Jumapili niliyoleta lu. Nilikiona, nikanyamaza."

Pelenaise alimtazama mpaka maji yakafurika kwenye ndoo.

"Hospitalini ukanidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na picha ya alama zako ukanitumia. Nikakujibu hongera." Akafunga bomba. "Haya, twende. Kulia utalia baadaye."

Lesieli alijifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, vazi la adabu kwao, ndipo akaingia. Manase alikuwa kitini. Alipomwona dada yake chumbani, alichukua taulo akajifunika kichwa chote.

"Mwambie kaka yangu naomba kuuona mguu," Lesieli alimwambia Pelenaise, na Manase yuko hapohapo.

Kisha mguu ukasogezwa mbele, polepole. Lesieli alipiga magoti, akamvua soksi. Katikati ya vidole vidogo palikuwa na ufa mbichi. Akabonyeza.

"Muulize kama anahisi."

"Ahisi nini?" Manase alisema ndani ya taulo.

"Nimembonyeza."

Halafu taulo likasema, "Muulize anatakaje."

"Zahanati," Lesieli alisema, na safari hii hakupitisha kwa mtu. "Leo hii, kaka."

Manase alivuta pumzi. "Pelenaise, niletee kiatu. Cha kushoto tu. Cha kulia wape mbwa, wamekitamani siku nyingi."

Pelenaise alicheka mpaka akashika ukuta. Lesieli alibaki pale chini, ameushika ule mguu kwa mikono miwili, hawezi kucheka, hawezi kuinua uso.