Kilichokuwa Ndani ya Shingo ya Pikipiki ya Mwalimu

Kama una chakula mbele yako, kula kwanza umalize, ndipo usome. Sisemi hivyo kwa mzaha. Nimesimulia jambo hili mara chache sana maishani, na kila mara kuna mtu aliyeinuka akaenda kusimama nje akitema mate. Wengine huniambia nimetunga. Mtu atunge uchafu kama huu apate faida gani? Halikumpata binamu yangu, wala jirani wa rafiki yangu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na spana mkononi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi ni Mkisii, na siku hizo nilikuwa na kibanda cha mabati pale sokoni Chepilat, mahali ambapo Wakisii na Wakipsigis hukutana kuuziana ndizi na maziwa. Ufundi niliupata Kericho, kwa mzee mmoja Mhindi aliyetengeneza pikipiki na mashine za mashamba ya chai. Mzee yule alikuwa mkali, lakini alinifundisha jambo ambalo nililiamini kama Biblia: pikipiki haina roho. Ikivuta upande mmoja, kuna chuma kimepinda, au kimelika, au kimelegea. Tafuta, utakiona.

Basi asubuhi moja akaja Mwalimu Kiprono akiisukuma pikipiki yake. Huyu alikuwa akifundisha shule ya misheni upande wa Sotik, mtu mwembamba, safi, wa kuvaa tai hata njia ikiwa matope matupu. Siku hiyo tai ilikuwepo, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji na shavu limechubuka.

"Chamgei, fundi," akanisalimu. "Hii kitu itaniua."

Niliizunguka nikaitazama. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya kabla ya vita, zile ambazo nyuma hazina springi, ila mbili tu chini ya kiti, na moja kubwa mbele inayobeba uma wa gurudumu. Chuma kigumu. Alikuwa ameinunua kwa nyapara mmoja wa shamba la chai aliyekuwa anaacha kazi na kuhamia Kipkelion.

"Imekuangusha wapi, mwalimu?"

"Kabla ya kufika Litein, kwenye ile kona ya daraja. Mara mbili, pahali palepale. Nikienda Kericho inanivuta kushoto, inaniingiza kwenye majani ya chai."

"Na ukirudi?"

Akanyoosha tai yake. "Nikirudi inavuta kulia."

Nilicheka, nakuambia ukweli. Nilimweleza kwamba ubovu hauchagui safari. Kama uma umepinda kushoto, pikipiki itakwenda kushoto ukielekea Kericho, na itakwenda kushoto ukielekea Kisii. Haiwezi kugeuza mawazo njiani. Nikamuuliza kwa heshima kama labda siku hizo alikuwa amepitia mahali pa pombe.

Hakucheka. "Fundi, mimi sinywi. Mke wangu amesema nikiipanda tena hivi ilivyo, anarudi kwao na watoto. Tafadhali, itazame vizuri."

Nikaitazama vizuri. Nilijaza magurudumu upepo. Nikavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele nione kama yamenyooka, na yalikuwa yamenyooka kama rula. Nikagonga spoki moja moja, zote zikalia sawasawa. Bushi za uma zilikuwa zimelika kidogo, nikazibadilisha. Nikaitoa springi ya mbele nikaisimamisha juu ya meza: haikuinama hata kidogo. Sikuona ubovu. Siku ya pili nikaamua kuipanda mwenyewe hadi kwenye kona hiyo.

Ilikwenda vizuri sana mpaka nilipoliona daraja. Hapo nikausikia ule mvuto. Halikuwa lile tetemeko la usukani uliolegea, ambalo fundi yeyote analijua. Ulikuwa mvuto wa polepole, wa subira, kama ng'ombe aliyefungwa kamba anapoona chumvi. Nilifunga breki nikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limegeuka lenyewe kutazama chai, na mikono yangu miwili ilishindwa kulirudisha. Nikashuka nikaisukuma hadi nilipopita kona, nikageuza, nikaipanda kurudi. Ikavuta kulia. Kulekule kwenye chai. Nilifika Chepilat shati limelowa jasho, na baridi ya milima ile unaijua.

Kilichobaki ni shingo. Shingo ni pale mhimili wa usukani unapopita ndani ya fremu. Juu kuna kikombe cha chuma na chini kingine, na ndani ya kila kikombe kuna gololi zinazozunguka kwenye grisi. Gololi zikilika, usukani hukwamakwama. Alasiri hiyo niliiweka pikipiki juu ya sanduku, gurudumu la mbele likaning'inia hewani, nikazungusha usukani taratibu huku nimetega sikio. Gololi mbovu hukwaruza. Hizi hazikukwaruza. Zililia kama mtu anayetafuna gegedu.

Wakati huo mvua ya mawe ikaanza. Wanaojua Kericho wanajua mvua ya mawe. Kukawa giza saa tisa mchana, mabati yakapiga kelele mpaka usisikie mawazo yako, na watu wote sokoni wakakimbilia madukani. Nikabaki peke yangu. Nikafungua nati kubwa ya juu.

Harufu ilitoka kwanza. Grisi ina harufu yake, fundi anaizoea mpaka anaipenda. Hii haikuwa grisi. Fikiria mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kusukutuliwa, halafu uchanganye na mafuta ya kondoo yaliyochacha. Kikombe cha juu kilikuwa na gololi za kawaida. Cha chini kilijaa kitu cheupe kinachoelekea manjano, kizito kama uji uliolala, na ndani yake zilinata nywele fupi tatu za mvi. Nilitia kidole, maana gololi huokotwa kwa kidole. Niliyoishika haikuwa duara.

Nilidhani ni kokoto. Nikaisuuza kwenye mkebe wa mafuta ya taa, nikaiinua karibu na macho.

Lilikuwa gego. Jino la mtu. Mizizi yake ilikuwa imepigwa tupa ili likae vizuri kwenye kikombe.

Niamini, mtu hufanya mambo ya ajabu akishikwa na hofu. Mimi niliendelea na kazi. Nikatoa la pili, la tatu, nikayasuuza, nikayapanga mkebeni kama ambavyo ningepanga gololi. Kumi na moja. Nilijiuliza jino la mtu limebebaje uzito wa pikipiki na mwenyewe, juu ya mawe na mashimo, bila kupasuka. Haya yalikuwa mazima. La kumi na mbili lilikuwa limeganda ukutani mwa kikombe. Nikalitia bisibisi, nikasukuma, likavunjika. Ndani lilikuwa jeusi na laini, na harufu ile ikatoka humo kwa nguvu. Nikatapika juu ya viatu vyangu mwenyewe.

Nilipokuwa nimeinama hivyo nikasikia, "Bwakire."

Ndiyo salamu yetu sisi Wakisii. Nikainua kichwa. Mzee alikuwa ameketi juu ya sanduku kando ya mlango. Alijifunga gunia kiunoni kama wachuma chai wanavyofanya ili wasilowe. Mabegani alikuwa na mawe ya barafu, nayo hayakuyeyuka. Midomo yake ilikuwa imekunjamana na kuingia ndani, kama mfuko uliofungwa kamba. Mazishi nimehudhuria mengi na maiti nimeosha, ngozi ile niliijua.

"Umeyapata?" akaniuliza kwa lugha ya kwetu. Maneno yalimtoka yakiwa laini na yenye mate.

Nikamjibu kama unavyomjibu mzee. "Nimeyapata, baba."

"Mangapi?"

"Kumi na moja. Moja limevunjika."

"Limevunjwa na nani?"

"Mimi, baba. Sikujua."

Akatikisa kichwa, akaleta mkono mkebeni. Hapa ndipo watu huinuka na kwenda nje. Alichukua gego la kwanza, akalinyonya mpaka yale mafuta meupe ambayo mafuta ya taa hayakuyatoa yakaisha, akayameza. Kisha akafunua ufizi, mweusi, wenye mashimo, akalisukuma jino ndani kwa kidole gumba. Likaingia na sauti ndogo, *tk*, sauti ileile ya gololi inapokaa kwenye kikombe. Halafu la pili. Halafu la tatu. Sikuweza kufumba macho. Yote kumi na moja aliyanyonya, yote akayameza mafuta yake, huku mengine yakimtiririka kidevuni.

Alipomaliza, maneno yake yakanyooka.

"Nilichuma chai miaka saba," akasema. "Homa ikaniua. Wakanizika kando ya njia, pale kwenye kona, maana kwetu ni mbali na hakuna aliyetaka kunibeba. Udongo haujakauka, nyapara akaja na mtu wa dawa. Alitaka pikipiki ambayo haitamwangusha. Tangu siku hiyo nilimbeba kwa meno yangu, mpaka alipoiuza; ndipo meno yakaanza kunitafuta."

Nilitaka kusema pole. Hakungoja.

Akasimama akanikaribia. Akanishika taya. Kidole chake kikaingia mdomoni mwangu, baridi, chenye yale mafuta, kikapita juu ya meno yangu moja baada ya jingine, polepole, kama mimi ninavyopapasa gololi kutafuta iliyolika. Kikafika kwenye gego la mwisho upande wa kulia, kikasimama. Akalitikisa. Nilihisi likisogea. Wewe ungefanya nini? Mimi nilisimama tu, mate yananijaa na siwezi kuyatema wala kuyameza.

Kisha akakitoa kidole, akakifuta kwenye gunia.

"Hapana," akasema. "Hili ni lako. Mimi si mwizi."

Akatoka, akaingia kwenye mvua ya mawe.

Nilikaa chini mpaka mvua ilipokatika. Pale alipoketi palibaki doa la mafuta ambalo mafuta ya taa hayakulitoa wala majivu. Niliishia kulichoma lile sanduku. Mwalimu Kiprono alipokuja kesho yake, nilimweleza yote na kumwonyesha vipande vya lile jino lililovunjika. Nilitegemea aniite mlevi, kama nilivyomdhania yeye. Alivua kofia.

Niliosha shingo ile kwa maji ya moto mara tatu, nikaweka vikombe vipya, gololi mpya za chuma, na grisi safi. Tulikwenda wote wawili hadi kwenye kona, yeye akiendesha, mimi nyuma. Pikipiki ilipita daraja imenyooka kabisa. Wachuma chai wazee wa pale wakatuonyesha mahali ambapo kibarua mmoja alizikwa, na ambapo kaburi lilikutwa limefukuliwa. Walisema ni nguruwe pori. Walisema hivyo bila kutuangalia usoni. Tukachimba kwa mikono, tukazika vile vipande, na mwalimu akaomba kwa Kikipsigis, mimi kwa Kikisii.

Lakini usidhani kwamba hapo ndipo pabaya pa kisa hiki. Miezi kadhaa baadaye nilipeleka vifaa Kipkelion, na karibu na stesheni nikaonyeshwa yule nyapara ameketi kwenye banda la nyama choma. Mtu mnene, mchangamfu. Alipojua mimi ni fundi wa pikipiki yake ya zamani alifurahi sana, akanikaribisha. "Karibu nyama, fundi!" Mafuta ya mbuzi yalikuwa yakimshuka kidevuni. "Ile pikipiki bado inakimbia? Ile ilikuwa na dawa safi. Miaka minne, haikuniangusha hata siku moja."

"Na mwenye meno?" nikamuuliza.

Aliacha kutafuna kidogo tu. Akachukua kijiti, akachokonoa jino, akatazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

"Kibarua tu," akasema. "Alikuwa ameshakufa. Alikuwa anayahitaji ya nini?"

Nilikwenda nyuma ya banda nikatapika tena. Nakuapia kwa Mungu, mara hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mzee yule aliyenitia kidole mdomoni alikuwa maiti, na aliniachia kilicho changu. Huyu alikuwa hai, na alikuwa anacheka.

Tangu siku hizo sili nyama yenye mafuta. Mke wangu amezoea, wageni hunishangaa. Gego langu la mwisho upande wa kulia bado linacheza, halitoki na halikazi, na asubuhi nyingine naamka nina ladha ya mafuta yale mdomoni, hata nikisukutua kwa chumvi haiondoki mpaka jua liwe juu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua pikipiki kuukuu, usiridhike kwa kusikiliza injini na kubonyeza springi. Fungua shingo, utazame kwa macho yako. Na muuzaji akijisifu kwamba haijawahi kumwangusha, muulize ni nani aliyekuwa akimshikilia.