Kufuli la Mlango wa Nyuma

Kazi yangu ni kukagua majengo kabla hayajashika moto. Nimezunguka Machakos yote, hoteli za mjini hadi maghala ya Kangundo, lakini jengo lisiloniacha ni bweni moja la wasichana upande wa Mwala.

Metroni, mama mjane mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenitembeza. Vitanda vilikuwa vimebanana, magodoro yote ya sponji. Mlango wa nyuma, wa kutokea wakati wa hatari, ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli.

"Ufunguo uko wapi, mama?"

"Uko kwa mtunza stoo. Wezi walituhangaisha sana, mwanangu. Walikuwa wanapitia hapa."

Nilimwelewa. Hilo ndilo kosa langu. Ningeweza kulifunga bweni siku ile ile, lakini wasichana wangelala wapi? Niliandika kwamba kufuli liondolewe kabla ya siku kumi na nne kuisha, nikatia sahihi, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Siku ya tisa, saa sita mchana, waya ulishika moto karibu na mlango wa mbele. Wasichana walikuwa darasani, isipokuwa mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa amelala na homa. Metroni alimsikia akigonga mlango wa nyuma. Mtunza stoo alikuwa ameenda sokoni Masii na funguo zote. Mama yule alilivuta kufuli kwa mikono mitupu, bati la mlango likimchoma, kisha akalipiga kwa jiwe mpaka likakatika. Kufikia hapo, kugonga kulikuwa kumekoma.

Nilimtembelea hospitalini, mikono yake ikiwa imefungwa bandeji. Nilitaka anilaumu.

"Umekula?" akaniuliza. "Umekonda." Kisha akageukia ukutani. "Nilikuwa nazihesabu zile siku, mwanangu. Nilijua zimebaki tano."

Siku hizi simpi mtu hata siku moja. Kufuli hukatwa nikiwa nimesimama pale pale, na wenye majengo huniona mkorofi.

Lakini sijawahi kumwambia mtu kuhusu mazishi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na zizi la mbuzi. Ibada ilipokwisha, baba wa yule msichana alipita akisalimia wageni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kuja, mwalimu," akasema. "Alikuwa anawapenda sana."

Sikumsahihisha.