Gari Jekundu la Kaka Nagatsuka

Tatsuro Okihara alikuwa mtu wa chaza. Tangu amalize shule alisimama katika banda lile lile la kisiwa cha Etajima, Japani, kisu mkononi na buti za mpira hadi magotini, akifungua chaza kuanzia alfajiri majira yote ya baridi. Vidole vyake vilijaa makovu. Hakuwa mlevi, hakucheza kamari, na akina mama wa bandani walimtania kwamba mkewe hana hata la kumsengenya. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtoa akili, nacho ni gari jekundu la Kuniharu Nagatsuka.

Lilikuwa gari la michezo la miaka ya tisini, lenye taa za mbele zilizoinuka kama macho yanayofumbuka zinapowashwa, na ndani yake ile injini ya rotari ambayo watu wa Hiroshima huizungumzia kama vile ni jamaa yao. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka, na mlio wake ni mwembamba, unapanda tu bila kukwaruza. Okihara aliusikia kutoka upande wa pili wa daraja na kujua kaka anakuja.

Kaka huyo hakuwa wa damu. Alimtangulia miaka miwili shuleni, kwenye timu ya besiboli, na kule kwao hilo ni jambo la maisha. Okihara alimbebea magongo, alimfulia jezi, alifokewa naye na kufundishwa naye. Nagatsuka ndiye aliyemtafutia kazi bandani, na ndiye aliyesimama kumsemea siku ya harusi. Wote wawili walishaota mvi, lakini wakikaa kunywa bado Okihara ndiye aliyemimina. Jumapili alikwenda kuliosha lile gari, na hakuna aliyemtuma.

Basi Nagatsuka aliposema kwamba mgongo haumruhusu tena kuinama kuingia kwenye gari la chini vile, na kwamba afadhali limwendee Oki kuliko mtu baki, machozi yalimlengalenga mwenzake.

Sasa, magari haya yana jaribio lake. Unaliendesha mpaka injini iwe ya moto, unazima, unangoja kidogo, unawasha tena. Injini iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikishapata moto ukaizima, haiwaki. Okihara alilijua hilo tangu ujana. Lakini kumwambia kaka yako alizime na kuliwasha mbele yako ni kumwita tapeli usoni, na Okihara angeona afadhali akatwe kidole. Hakuuliza. Aliinamisha kichwa, akapeleka chupa ya pombe nzuri ya mchele, akalipa bei ya gari zima. Pesa zenyewe zilikuwa za paa. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na vigae vyao, na turubai la buluu bado lilikuwa juu ya chumba cha kulala.

Fumiyo, mkewe, hakugomba. "Sawa, Baba Chinami," alisema. "Mvua ikinyesha tutalala garini. Viti viwili, tunatosha."

Raha ilidumu muda mfupi. Gari lilikunywa petroli kama lina kisasi nayo, na oili lilichoma makusudi, maana ndivyo lilivyoumbwa, kwa hiyo kila akijaza tangi alikuwa na galoni ya oili miguuni pa kiti. Plagi zilikufa upesi. Kodi yake ilikuwa ya juu, kama ilivyo kwa kila gari lililozeeka kule, na ukaguzi wa serikali ulikuwa mlangoni. Hayo yote alikuwa amejiandaa nayo, na Fumiyo aliyageuza kichekesho, akiliita gari mke mwenzake, yule anayenunuliwa mafuta ya gharama huku yeye akipaka ya bei rahisi.

Kisha siku moja, mjini Kure, alilizima kituoni kujaza mafuta. Alipowasha, stata ilizunguka na kuzunguka, injini ikakaa kimya. Magari yalijipanga nyuma yake. Ilibidi alisukume kando na kungoja, akisingizia betri kwa kila aliyeuliza. Lilipopoa liliwaka kama hakuna kilichotokea. Ikawa hivyo tena sokoni, na tena kwa daktari wa meno.

Alilipeleka kwa Murozono, fundi wa rotari aliyejulikana na wote wenye magari hayo. Murozono alipima mgandamizo wa injini, akanawa mikono, akamwambia kwamba sili za ncha, zile zinazoziba pembe za vile vipande vya pembetatu, zimekwisha. Injini itabidi ishushwe na kujengwa upya, na gharama yake ingekaribia bei aliyonunulia gari. Ndani alikuta oili nzito kupita kawaida, kama ile inayowekwa kuficha injini iliyochoka.

"Nani alikuuzia?" aliuliza.

"Kaka yangu."

Murozono alifunga boneti. "Huu ugonjwa haukuanza jana, bwana. Aliyeishi nalo aliujua."

Okihara alikataa. Alikataa pale gereji, akakataa nyumbani mbele ya Fumiyo. Kaka alilitumia mara chache, alisema, huenda hakuwahi kulizima njiani. Oili nzito aliweka kwa nia njema. Pesa zimekwenda, naye angezimeza, lakini hili la kujua ndilo lililomkosesha usingizi. Ikiwa Nagatsuka hakujua, basi wote wawili wamepatwa na bahati mbaya na maisha yanaendelea. Ikiwa alijua, basi ile miaka yote, magongo, jezi, harusi, ilikuwa nini? Hakumwambia Nagatsuka neno lolote kuhusu kituo cha mafuta wala kuhusu fundi. Alimpigia simu akamwomba wapande Mlima Noro pamoja kwa lile gari, kama zamani.

Nagatsuka alikuja kwa furaha. Aliinama, akajirusha kwenye kiti cha abiria kama kijana, wala hakushika mgongo. Okihara aliliona hilo. Njiani walizungumza habari za chaza na wajukuu. Juu, kwenye uwanja wa kuegesha, Okihara alizima, akachomoa funguo, akampa.

"Shuka nalo wewe, kaka. Nina hamu ya kukuona ukiendesha."

Wakabadilishana viti. Nagatsuka alishika usukani, akaupapasa. Ufunguo aliushika mkononi, hakuutia.

"Tukanywe kahawa kwanza, Oki," alisema. "Liache lipoe."

"Lipoe kwa nini?"

Nagatsuka aliinua uso. Alitazama kioo cha mbele, na masikio yake yakaiva. Okihara alimngojea aseme chochote, hata uongo, maana siku hiyo angeupokea uongo kwa mikono miwili.

"Ulijua," alisema mwishowe.

"Hukuuliza."

"Mimi nikuulize wewe? Ningekuulizaje, kaka?" Okihara alimgeukia. "Si ungemuuzia mtu baki."

Nagatsuka aliugeuza ufunguo kiganjani. "Mtu baki angetaka kuliwasha likiwa la moto," alisema polepole.

Okihara aliona aibu, na lililomuuma zaidi ni kwamba aibu hiyo haikuwa yake. Heshima ile aliyoibeba tangu akiwa na miaka kumi na mitano, mwenzake alikuwa ameipigia hesabu. Walikaa pale mpaka injini ikapoa, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani. Okihara ndiye aliyeendesha.

Getini kwa Nagatsuka taa ya ukumbini ilikuwa imewaka. Nagatsuka alishuka, akaacha mkono juu ya mlango.

"Zima gari uingie, Oki. Mama watoto ametengeneza wali wa chaza. Tuzungumze."

Injini ilikuwa ikitoa ule mlio mwembamba.

"Siwezi kulizima, kaka," alisema Okihara.

Alingoja mpaka Nagatsuka akaondoa mkono, kisha akaenda zake.