Kimashua cha Beseni

Unanisumbua nieleze juu ya huyu fundi wa mashua, kama vile sina samaki wa kuanika. Haya. Kila siku saa kumi anakaa chini, ulimi nje kidogo, anachonga na wembe kimashua cha urefu wa kiganja. Anakipuliza vumbi kama mama anavyopuliza jicho la mutoto. Mikono yake, yenye kutetemeka akishika nyundo kwa kazi ya watu wengine, hapo imetulia kabisa. «Ninapumuzisha kichwa,» anasema. Kichwa kilichoshwa na nini?

Jana Arlène, muchuuzi wa samaki, alimuletea lami kidogo mu kikopo. «Fundi, mashua yangu inakunywa maji, na kesho ninavuka kwenda ng'ambo, Chisenga.»

«Acha kwanza nipumuzike, mama.»

Akaweka kimashua chake mu beseni. Tone moja likaingia. Weee, akaruka! Akachukua lami ya Arlène, akapaka ndani, akapaka nje, kikopo kikabaki kitupu. «Ona, mama, sasa hakiingizi hata tone!»

«Basi nipande mu hiki?» Arlène akamuuliza.

Leo Arlène anavuka hivyohivyo, mashua haijazibwa. Weye uliyetaka habari, chukua ndoo, ingia mu mashua yake, umutolee maji mpaka Chisenga.