Mwenye Mji Katika Katiba ya Pamba

Nililelewa na wanawake wawili katika mji mmoja, kama kwetu tunavyoita boma la familia, karibu na Butiama. Bibi hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya kile ambacho kwetu wanawake wenye ng'ombe walikifanya tangu zamani: alitoa mahari, akaoa mke wa kuizalia nyumba yake watoto. Mke huyo ndiye mama yangu. Aliyepokea ng'ombe wale ni mjomba, kaka yake mama, kwa kuwa baba yao alikuwa ameshafariki.

Miaka ya Ujamaa ilinikuta mwalimu kule Bunda, na mjomba akiwa mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika wa pamba. Likizo moja nilifika nyumbani siku ya uchaguzi wa chama. Bibi alivaa kitenge kipya, tukaenda naye mkutanoni.

Watu walipoambiwa wapige kura, bibi alinyoosha mkono. Mjomba akasimama.

"Mkwe, samahani sana. Katiba inasema kila mwenye mji ana kura moja. Mwenye mji ni mwanaume."

Nikanyanyuka bila hata kufikiri. "Mjomba, kwa Kiswahili mwenye ni yeyote, awe mke au mume!"

"Mwalimu, hicho ni Kiswahili cha darasani," alisema, na watu wakacheka. "Sisi tuliandika katiba hii mara baada ya Uhuru, tukifikiri kwa lugha yetu. Usituletee maana ya leo. Uliza wakati ule tulikuwa tunamwitaga nani mwenye mji."

Hoja yake ilikuwa na nguvu, nikaketi. Kumbe bibi ilimfurahisha.

"Haya, tuulize ya wakati ule," alisema. "Kabla ya Uhuru ulikuja kwangu kuchukua ng'ombe za dada yako. Ulisimama langoni ukapiga hodi. Uliita nani?"

Mjomba akainamisha kichwa, lakini tabasamu lilishaanza kumponyoka. Mshenga wa siku ile alikuwa amekaa nyuma. Akapaza sauti, "Sema! Na mimi nilikuwepo!"

"Niliita mwenye mji," mjomba akasema.

"Akatoka nani?"

"Ukatoka wewe, mkwe."

Mkutano mzima ulilipuka kwa vicheko na vigelegele. Mjomba mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia na kujifuta nayo machozi. Kisha akamgeukia katibu: "Hesabu mkono wake."

Bibi alimpigia kura mpinzani wa mjomba. Hata hivyo mjomba alishinda, na jioni akaja kwetu kula ugali wa mtama na samaki sato wa Mugango, huku akilalamika kwamba ana mkwe msaliti. Mama alicheka hadi akashindwa kunawa.

Mwaka uliofuata walikuja wajane kadhaa kudai kura. Hao hawakuwa wameoa mke, na wanaume wengine wakaanza kuguna. Safari hii bibi hakuhitaji kufungua mdomo. Mjomba ndiye aliyesimama.

"Mimi ni mmoja wa walioandika," alisema. "Mwenye mji tulimaanisha yule akisema leo tunalima, watu wanalima. Kwa mama hawa, anayesema hivyo ni nani?"

Waliokuwa wakiguna wakawapisha njia. Wajane wakapita mbele, mmoja akicheza mabega, na bibi akasogea kwenye benchi ili wapate pa kukaa.