Alama Nane za Kusawazisha

Shule niliyofundisha pale mtaa wa Tena ilikuwa na madarasa mawili ya Gredi ya Tisa, Mashariki na Magharibi. Mashariki ndiko tulikowapanga wepesi wa kuelewa, ingawa wazazi tuliwaambia watoto wamegawanywa hivi hivi tu. Mwaka huo mfadhili alijitolea kumsomesha mtoto mmoja hadi amalize sekondari, yule atakayeongoza mtihani wa hisabati. Mmoja tu.

Karatasi za mtihani tulizonunua mjini zikapungua. Magharibi wakapewa hizo. Mashariki wakafanya karatasi ya muuzaji mwingine, ngumu kama mfupa. Mimi mwenyewe nilitoka jasho kuandaa majibu yake. Tulipomaliza kusahihisha, wastani wa Mashariki ulikuwa chini kwa alama nane. Mwalimu mkuu akaniita.

"Mwalimu, sawazisha hii kitu. Sitaki wazazi hapa kwa ofisi."

Nikasawazisha. Niliwaongezea Mashariki wote alama nane, wastani ukalingana, nikajipiga kifua mbele ya walimu wenzangu.

Matokeo yalisomwa paredi, pamoja na wastani wa kila darasa. Wa kwanza, mvulana wa Magharibi, themanini na tatu. Wa pili, binti wa Mashariki, sabini na tisa, zile nane zangu zikiwa ndani. Baba yake alikuwa fundi wa cherehani mwenye kibanda Pumwani, na bila mfadhili hakukuwa na njia nyingine. Binti alinifuata barazani.

"Mwalimu, si sisi huwashindanga Magharibi kila time?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona tumetoshana?"

Nilimjibu kwamba hesabu ni hesabu, aende darasani, tena kwa ukali ambao hadi leo unaniaibisha. Kisha nikafungua droo, nikatoa matokeo ya muhula uliotangulia, ambapo wote walifanya karatasi moja. Mashariki walikuwa mbele kwa alama kumi na moja. Watoto wale wale. Basi karatasi yao haikuwapunguzia alama nane, iliwapunguzia kumi na tisa: kumi na moja walizozoea kuongoza nazo, na nane walizobaki nyuma. Mimi niliwashusha wakawa sawa na watu ambao wao huwashinda, nikaiita haki. Binti alistahili tisini. Mtoto aliliona hilo akiwa amesimama paredi, na mimi mwenye cheti ukutani sikuliona kwa siku mbili nzima.

Nilikwenda mbio kwa mwalimu mkuu.

"Jina nishatuma," akasema. "Mama ya huyo kijana ametoka hapa saa hii, amelia kwa furaha. Ni wewe utaenda kumwambia?"

Sikwenda. Nilikuwa mwoga, na sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Kesho yake yule fundi alifunga kibanda akaja shuleni, shati limepigwa pasi. Nilijua amekuja kunishtaki. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, nimesikia ulihangaika sana ili watoto wasionewe. Shukran. Huyu wangu amenuna tangu jana. Nimemwambia ameshindwa kwa haki, hataki kusikia. Hebu mwite umweleze wewe, wewe atakuamini."

Nilimwita. Nikamweleza mbele ya baba yake jinsi nilivyosawazisha, hatua kwa hatua, zile kumi na tisa sikuzitaja, na yeye akanisikiliza akinitazama usoni mpaka nikamaliza.

"Sawa, mwalimu," akasema.